Tangazo Lililomrudia Mteja: Kisa cha Mnasihi Mmoja wa Kampala

Mteja hakungoja siku yake ya kikao. Alifika siku mbili kabla, asubuhi, furushi la vitenge likiwa bado begani, akasimama mlangoni pa chumba cha ushauri nasaha na kumnyooshea mnasihi simu. "Dada," alisema kwa sauti ya chini, "hii habari ni yangu. Shemeji ndiye aliyenitumia, ananiuliza kama namjua huyu mama." Katika simu ile ilikuwamo video ya dakika moja na nusu ambayo mnasihi mwenyewe aliirekodi na kuisambaza ili watu waijue huduma yake. Jina halikutajwa, mji aliotoka mama huyo haukutajwa, na idadi ya watoto ilikuwa imebadilishwa. Ilibaki alama moja tu, kitu alichokibeba usiku wa kuvuka mpaka, nayo ilitosha, kwa kuwa kila mtu wa kanisani kwake aliijua.

Alama yenyewe sitaitaja, maana kuitaja hapa kungekuwa kulirudia kosa lile lile kwa jina la uchambuzi. Mimi ni msimamizi wa kitaaluma wa mnasihi huyu. Tunakutana mara mbili kwa mwezi kuipitia kazi yake. Ameyasoma maandishi haya neno kwa neno na kuyakubali. Biashara ya mteja na mpangilio wa matukio nimevibadilisha, na mambo ya wateja wawili nimeyasuka kuwa ya mmoja, hata shemeji yule akisoma asiweze kumnyooshea mtu kidole. Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa sababu wanasihi wengi vijana huniuliza namna ya kujitangaza bila kujigeuza watu wengine, na majibu wanayopewa na watu wa matangazo yananitia hofu.

Chumba, kodi na lugha

Mnasihi alizaliwa Kivu, akaingia Uganda akiwa msichana, akaishi miaka kadhaa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, kisha akasomea ushauri nasaha Kampala. Alipofungua chumba chake, nia yake ilikuwa kuwahudumia watu wanaoumia kwa Kiswahili. Nasema hivyo makusudi. Mtu anaweza kununua nyanya kwa Kiluganda na kujaza fomu kwa Kiingereza, lakini akifikia jambo linalomnyima usingizi anarudi kwenye lugha ambayo mama yake alimwitia nayo, na Kampala ina Wakongo wengi, na Warundi wa Bujumbura pia, ambao lugha hiyo kwao ni Kiswahili.

Hata hivyo Kiswahili kina historia nzito nchini Uganda. Kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za ukoloni, Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wazee wengi sauti yake bado hurudisha kumbukumbu ya kizuizi cha barabarani na amri ya askari. Baraza la mawaziri lilipopitisha mwezi Julai 2022 kwamba kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, kumbukumbu hizo hazikufutika. Mwenye nyumba alipoliona bango la Kiswahili mlangoni pa mnasihi, swali lake la kwanza lilikuwa kama pale pamekuwa ofisi ya walinzi. Hivyo mnasihi alikuwa na huduma inayohitajika, katika lugha inayohitajika, mahali ambapo bango la lugha hiyo halikuweza kumleta mtu. Wateja wa miezi ya kwanza walihesabika kwa vidole vya mikono miwili, nusu yao hawakuwa na uwezo wa kulipa, na kodi ilikuwa inadaiwa. Yeyote anayemlaumu kwa kutafuta msaada wa kujitangaza hajawahi kulipa kodi ya chumba kwa kazi ya kusikiliza. Kujitangaza hakuna aibu: mtu aliye gizani hawezi kubisha mlango asioujua.

Msaada ulitoka kwa kijana mmoja wa kanisani kwake, mwenye ujuzi wa kweli wa matangazo na moyo mwema, ambaye hakuomba malipo. Facebook ilikuwa imefungwa nchini tangu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na kwa kuwa si kila mtu anajisumbua na VPN, programu ya kufikia mitandao iliyofungwa, alishauri nguvu zote zielekezwe TikTok na WhatsApp. Ushauri wake mwingine ulikuwa kwamba watu hawanunui huduma bali hununua mabadiliko, kwa hiyo aoneshe mtu aliyebadilika. Kwamba ataje idadi ya vikao, kwa kuwa namba hukaa kichwani. Kwamba bei asiitaje mpaka mtu apige simu. Na kwamba azungumze haraka, kwa nguvu, akiikazia macho kamera, kwa kuwa mtazamaji hutoroka baada ya sekunde tatu. Video mbili za kwanza, zilizoeleza tu kiwewe ni nini, zilitazamwa na watu wachache. Ya tatu ilimhusu mama aliyefika "akiwa amekufa ndani" na kuondoka "akiwa mzima baada ya vikao vitatu". Hiyo ndiyo iliyopokezwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine mpaka ikamfikia shemeji.

"Hakuna shida, Dada"

Kila ninapokisimulia kisa hiki, ninaulizwa kwanza kama mnasihi aliomba ruhusa. Aliomba. Mwisho wa kikao cha tano alimweleza mteja kwamba angependa kutumia sehemu ya habari yake, bila jina, ili kuwatia moyo wengine, naye mteja akajibu, "Hakuna shida, Dada." Mnasihi aliliandika jibu hilo katika daftari lake na kwenda zake kurekodi kwa moyo safi. Ninaamini kabisa kwamba moyo wake ulikuwa safi, na ndiyo sababu jibu lile linastahili kuangaliwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki.

Mama huyu, tangu alipovuka mpaka, aliombwa habari yake kila alipokanyaga. Aliisimulia alipopokelewa, akaisimulia kwa maofisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu wanaoandikisha wakimbizi, akaisimulia kwa mashirika, akaisimulia kanisani ambako ushuhuda ni sehemu ya ibada. Kila mara usimulizi huo ulikuwa bei ya kitu fulani, iwe karatasi, blanketi au nafasi ya mtoto shuleni. Mtu aliyepitia njia hiyo hujifunza kwamba habari yake si mali yake, na kwamba anayeinyima huenda akakosa. Juu ya hayo, mtaani palikuwa na uvumi kwamba barua ya mnasihi husaidia faili la kuhamishiwa nchi ya tatu. Uvumi huo mnasihi hakuuanzisha, lakini pia hakuwa ameukanusha. Katika hali hiyo "hakuna shida" ilikuwa adabu kwa mtu anayemheshimu, shukrani kwa aliyemsaidia, na tahadhari kwa mtu ambaye pengine ameshika ufunguo. Ridhaa haikuwamo, na anayeombwa na mshika siri zake wakati bado anazihitaji huduma zake ni nadra kuwa na nafasi ya kukataa.

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa itolewe kwa hiari, kwa ufahamu, na kwa jambo mahususi, na taarifa za afya ya mtu ni miongoni mwa zile inazozipa ulinzi wa pekee. Kanuni za maadili za chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, zinakwenda mbali zaidi kwa kumkataza mwanasaikolojia kuomba ushuhuda kwa mteja ambaye bado yuko katika tiba. Ninaona busara kubwa katika katazo hilo. Halisemi kwamba ushuhuda ni uongo. Linatambua kwamba kuna maombi ambayo hata yakikubaliwa hayakupaswa kutolewa.

Kijana wa matangazo, nilipokutana naye pamoja na mnasihi, alileta hoja ambayo sikuweza kuipuuza, na ninamheshimu kwa kuileta. Aliniambia: "Mwalimu, nchi hii iliokolewa na ushuhuda. Je, Philly Lutaaya?" Alisema kweli. Mwaka 1989 Lutaaya, mwanamuziki aliyependwa nchi nzima, alijitokeza hadharani na kusema kwamba ana UKIMWI, wakati ambapo wengine walikuwa wakifia vyumbani kwa aibu, na alizunguka akizungumza na watu karibu mpaka kifo chake mwezi Desemba mwaka huo huo. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1987, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia walioguswa na UKIMWI, na ndani yake ushauri nasaha ukawa kazi ambayo Mganda wa kawaida aliiona kwa macho yake na kuielewa. Bila watu wale waliosema, sisi wanasihi wa leo tungekuwa tunaongea na viti vitupu.

Lakini Lutaaya alisema habari yake mwenyewe, kwa kinywa chake, siku aliyoichagua, akijua wanaomsikiliza ni akina nani. Hakuwa mgonjwa aliyesimamishwa kumsifu daktari wake, na hakuwa na miadi wiki inayofuata na mtu anayenufaika kwa maneno yake. Mteja wetu hakupata hata moja kati ya hayo. Habari yake ilisemwa na kinywa kingine, ikafupishwa, ikapambwa, ikafikishwa nyumbani kwake kwa mkono wa shemeji. Akiamua siku moja, baada ya miaka, kusimama na kuisema mwenyewe, nitakuwa wa kwanza kumpisha, na hata hapo ningependa isiwe tangazo la biashara ya mtu yeyote.

Vikao vitatu

Kuhusu ahadi ya vikao vitatu nitakuwa mfupi, kwa sababu ubaya wake hauhitaji maelezo marefu. Mama yule alikuwa amehudhuria vikao vitano, si vitatu, na hakuwa "mzima". Alikuwa ameanza kulala. Uganda yenyewe ina ushahidi mzuri wa namna nafuu inavyopatikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliofanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ulionesha kwamba vikundi vya tiba ya mahusiano, inayoangalia jinsi mtu anavyohusiana na watu wake, viliwapunguzia watu sonona kwa kiasi kikubwa wakilinganishwa na wale ambao hawakuwamo, na vikundi vile vilikutana kila wiki kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki mbili tu, jambo linalonifurahisha kila ninapolikumbuka, lakini muda wenyewe haukukatwa. Anayeahidi vikao vitatu humwibia mteja haki ya kuwa bado anaumwa katika kikao cha nne, na mteja huyo hatamlaumu mnasihi, bali atajilaumu mwenyewe.

Sauti mbili za mtu mmoja

Kuna mwanamume mmoja aliyekuja kwa sababu ya video ile. Alikaa, akasikiliza, na baada ya nusu saa akasema kwa upole kwamba alidhani angemkuta "yule wa kwenye simu". Mnasihi wetu, anapokuwa kazini, huzungumza taratibu na huacha ukimya ukae kati yake na mtu mpaka neno linalofuata lijitokeze lenyewe. Huo ndio ustadi wake mkubwa. Kwenye video alikuwa mwanamke mwenye majibu tayari. Mwanamume yule hakurudi, na simlaumu, kwa sababu alialikwa na mtu mmoja akapokelewa na mwingine.

Carl Rogers, katika maandishi yake ya mwaka 1957 kuhusu masharti ya mabadiliko katika tiba, aliweka miongoni mwa masharti hayo kwamba mtoa tiba awe mkweli wa nafsi ndani ya uhusiano ule, asivae sura isiyo yake. Tumezoea kulisoma sharti hilo kana kwamba linaanza mlango unapofungwa. Kisa hiki kimenifundisha kwamba linaanza mapema zaidi. Mtu mwenye jambo zito humchunguza mnasihi kwa wiki nyingi kabla ya kupiga simu: anasikiliza anavyowazungumzia wengine, anapima kama ana haraka, anajiuliza "na mimi atanisema hivi?" Kwa hiyo tangazo ni kikao cha kwanza ambacho mnasihi hajui kwamba kimeshaanza. Video ya tatu iliwaambia watazamaji, bila kukusudia, kwamba katika chumba hiki habari ya mtu inaweza kutoka nje ikiwa nzuri ya kutosha. Watu wawili waliokuwa wamepanga kuja walighairi wiki ile ile. Sababu hawakuitaja, wala hawakuwa na wajibu wa kuitaja.

Kilichofanyika baadaye

Mnasihi alimwomba mteja radhi pale pale mlangoni, bila kujitetea kwa ruhusa iliyoandikwa daftarini. Aliifuta video mbele yake, akamweleza ukweli kwamba nakala zilizokwisha kupokezwa WhatsApp hazirudi, na akamwuliza anataka nini. Mama alitaka vitu viwili: daftari lichanwe kurasa zinazohusu usiku ule, na atafutiwe mnasihi mwingine. La pili lilifanyika, na mama anaendelea na matibabu kwingine. La kwanza lilitupa kazi, kwa kuwa kumbukumbu za kitaaluma hazichanwi ovyo. Mwishowe kurasa zile zilihamishwa ndani ya bahasha iliyofungwa, mama akaweka sahihi yake juu ya gundi. Sijui kama lilikuwa suluhisho kamili. Nilimwona mnasihi akilia siku ile na sikumzuia.

Kisha tukaanza upya, na kazi kubwa ilikuwa ya maneno. Tangazo la awali lilijaa "kiwewe" na "afya ya akili", maneno sahihi yanayomfanya mtu wa kawaida afikirie Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili, na kugeuza uso. Watafiti wa Masaka na Rakai kabla ya kuanza tiba waliwauliza wanakijiji wenyewe huyaitaje mateso hayo, wakapata maneno ya Kiluganda kama *yo'kwekyawa*, kujichukia, na *okwekubagiza*, kujionea huruma. Mnasihi alifanya vivyo hivyo kwa masikio yake: akakusanya yale ambayo Wakongo wa mtaani husema, kama vile mawazo mengi, moyo mzito, kukaa na watu lakini hauko nao. Maneno hayo si ya mteja yeyote mmoja. Ni ya mtaa mzima, na ndiyo sasa yanayofungua tangazo lake.

Tangazo lenyewe ni sauti iliyorekodiwa ya dakika mbili, kwa mwendo wake wa kawaida. Anaeleza kinachotokea mtu akifika mara ya kwanza: kwamba ataulizwa kilichomleta na anaweza kukataa kujibu, kwamba watakaa dakika hamsini, kwamba baada ya hapo ataamua mwenyewe kama atarudi. Anataja bei, na anataja siku moja ya wiki ambayo asiye na uwezo hulipa anachoweza. Anasema wazi kwamba ushauri nasaha pale hauongezi wala haupunguzi nafasi ya mtu kuhamishiwa nchi nyingine, sentensi ambayo kijana wa matangazo aliogopa kwamba itafukuza watu, na kwa kweli iliwafukuza baadhi. Anasema pia ni lini atamwelekeza mtu hospitalini badala ya kubaki naye.

Mambo madogo nayo yalirekebishwa, na huenda hayo ndiyo yaliyokuwa yanawalinda watu zaidi. Alikuwa na kundi la WhatsApp la "marafiki wa huduma" ambamo wateja walionana namba. Alilifunga, akatumia orodha ya matangazo ambayo kila mmoja huipokea peke yake. Malipo ya simu yalikuwa yanaleta ujumbe wenye jina la huduma, jambo la hatari kwa mke anayetumia simu moja na mumewe. Sasa ujumbe unaleta jina lake la kawaida. Na kila mteja mpya huulizwa siku ya kwanza kama angependa kusalimiwa wakikutana sokoni au wapitane kama wageni.

Anakwenda pia kuzungumza katika vikundi vya ushonaji na baada ya ibada, mahali ambapo watu humwona akijibu maswali na, mara nyingine, akisema "hilo silijui, lakini namjua wa kumwuliza." Wateja wanaongezeka polepole kuliko wakati wa video. Kodi hulipwa, mara nyingine kwa kuchelewa.

Limebaki jambo moja ambalo mimi na yeye hatujakubaliana. Mnasihi anataka kusimulia hadharani habari yake mwenyewe, ya safari yake kutoka Kivu na miaka ya Nakivale, kwa sababu anaona ndiyo habari pekee aliyo na haki nayo na kwamba itawaonesha watu anayajua wanayoyasema. Mimi nina wasiwasi kwamba mteja atakayeisikia ataanza kumlinda, atazipima huzuni zake kwa za mnasihi na kuziona ndogo. Yeye hunijibu kwamba mtaani tayari kila mtu anajua ametoka wapi, na kwamba kunyamaza kwake kunaweza kusomeka kama aibu. Hoja yake ina uzito, na sijapata ya kuishinda. Ameirekodi, dakika nne, na amenipa niisikilize kabla hatujakutana tena.